Tax Policy Center: niliwategemea kupima ahadi za kodi za 2016

Kila Februari meza yangu hujaa karatasi za watu: W-2 za walioajiriwa, 1099 za madereva na wasafishaji waliojiajiri. Nawajazia fomu za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na ukifika mwaka wa uchaguzi wa Marekani swali huwa moja tu: "Huyu akishinda, mimi nitakatwa kiasi gani?" Mwaka 2016 lilinielemea. Mipango ya wagombea ilipishana kama mashariki na magharibi, na kila mmoja aliapa kwamba wake ndio unaomjali mfanyakazi. Nikakimbilia taarifa za Tax Policy Center, kituo cha utafiti kilichoko Washington, kinachoendeshwa kwa ubia wa taasisi mbili za utafiti, Urban Institute na Brookings. Kuzisoma ni bure.

Kinachonivuta kwao ni kwamba wanawapima wote kwa mizani moja: serikali kuu itapata au kupoteza kiasi gani kwa miaka 10. Mpango wa kwanza wa Donald Trump ungepunguza mapato kwa dola trilioni 9.5, wa Ted Cruz, mpinzani wake ndani ya chama cha Republican, trilioni 8.6. Upande wa Democratic, wa Hillary Clinton ungeongeza trilioni 1.1, wa Bernie Sanders trilioni 15.3. Baada ya hapo wanashuka hadi kwenye kaya, wakizigawa katika mafungu matano kwa kipato. Anzeni na majedwali hayo, maana trilioni hazimsaidii mtu kupanga bajeti ya nyumbani. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba sehemu kubwa ya nafuu ya Trump na ya Cruz ingekwenda kwa wenye kipato cha juu kabisa.

Kuhusu Cruz waliniokoa na kosa. Aliahidi kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa wote, na kufuta makato ya pensheni ya uzeeni na Medicare, bima ya afya ya wazee, yale ambayo aliyejiajiri hulipa mwenyewe asilimia 15.3. Nilikuwa nimeshamwambia dereva mmoja kwamba atapumua. Kisha nikasoma maelezo yao ya ile "kodi ya biashara" ya asilimia 16 iliyokuwa ije badala yake: kampuni isingeruhusiwa kutoa mishahara kwenye hesabu kabla ya kutozwa. Nikampigia tena.

"Kwa hiyo ni VAT?" akauliza.

"Ni VAT, kaka, ile inayoishia kwenye bei za vitu. Wameibatiza jina jingine tu."

Aliielewa papo hapo. Ukurasa mmoja wa maelezo uliniongezea kuliko midahalo yote niliyokesha nikiitazama.

Sasa nije kwenye lawama, na hii naisema kwa uchungu. Taarifa ya Machi kuhusu Sanders ilionyesha kodi ikipanda kwa wastani wa takriban dola 9,000 kwa kaya kwa mwaka. Ilihesabu mpaka ile asilimia 6.2 ya mshahara ambayo angelipa mwajiri, kwa hoja kwamba mwishowe hutoka kwenye mshahara. Hoja hiyo naikubali. Lakini kodi ile ilikuwa ya kulipia matibabu ya kila mtu, na taarifa ya Machi haikuyaweka matibabu kwenye mizani. Ilipofika Mei ndipo wakatoa ya pili: kaya zingepokea huduma zenye thamani ya zaidi ya dola 13,000 kwa wastani, kwa hiyo zingebaki na faida ya karibu dola 4,300, huku nakisi ya serikali ikiongezeka kwa dola trilioni 18 kwa miaka 10. Picha imegeuka kabisa, na hapo pia kuna jambo la kumtia hofu hata mfuasi wa Sanders. Taarifa hizo mbili zilipaswa kutoka siku moja. Kati ya Machi na Mei watu wengi walikuwa wameshapiga kura za mchujo wakiwa na nusu ya hesabu.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Wanasahihisha mgombea anapobadilika: Trump alipoandika mpango upya, Oktoba walitoa hesabu mpya: mapato yangepungua kwa dola trilioni 6.2. Ila ule wastani wa mafungu huwameza watu ninaowaona mezani kwangu.

Mmoja ni mama mwenye watoto watatu, analea peke yake. Mwaka ule sheria ilimtambua kama mkuu wa kaya: dola 9,300 hazikutozwa, na juu yake 4,050 kwa kila mtu nyumbani, jumla 25,500. Mpango mpya wa Trump ulifuta hadhi ya mkuu wa kaya, ukafuta zile 4,050, ukampa 15,000 kama mtu asiye na ndoa. Kiwango cha chini nacho kikapanda kutoka asilimia 10 hadi 12. Kulikuwa na nafuu ya gharama za malezi, lakini watoto wake hubaki kwa bibi yao bila malipo. Nilimwandikia hesabu hizo pembeni ya karatasi, safu mbili. Alipitisha kidole kwenye ile ya pili, akarudia.

"Dada, na watoto wamekwenda wapi hapa?"

Nikamwonyesha mstari uliofutwa.