Mapumziko ya Diani: Bahari Mbele, Mbega Juu ya Paa

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo si simu wala blenda. Leo nachambua likizo: mapumziko ya Diani, kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Wengi mmeniuliza kama panamfaa mtu aliyechoka, anayetaka kulala na kusikiliza mawimbi tu. Panamfaa sana. Ila kuna wenyeji ambao tangazo la nyumba haliwataji, na hao ndio walionifanya niipende Diani kuliko fuo zote nilizowahi kufika.

Ufuo wenyewe hauhitaji maneno mengi. Mchanga ni mweupe na laini, na mwamba wa matumbawe ulioko mbele unavunja mawimbi makubwa, kwa hiyo maji ya upande wa ndani yametulia. Maji yakipwa unatembea mbali ukiangalia viti vya pweza, wale viumbe wa umbo la nyota, na majongoo bahari. Vaa viatu, kuna wadudu wa miiba mirefu myeusi humo, na mwiba wake ukikuchoma likizo imeharibika. Wachuuzi watakufuata kidogo. Wasalimie, wakatalie kwa adabu, wataenda zao.

Sasa tuje kwa mbega, yule jamaa wa kima anayeishi mitini, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Unakaa barazani asubuhi na chai yako, matawi yanatikisika, unainua macho: mnyama mweusi, nywele ndefu nyeupe zimemwagika mabegani, mkia unaning'inia. Hana haraka. Anachuma jani, analitazama, anakula, anachuma lingine. Mtazame mkono vizuri: kidole gumba hakuna, kimebaki kama kinundu tu, na vile vidole vinne vinashika tawi kama ndoana. Nilibahatika kumwona mama amempakata mtoto mchanga, na mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe. Nikaisahau chai.

Kisha wanalala. Mbega hupumzika sehemu kubwa ya mchana, kwa sababu chakula chake ni majani, na tumbo lake lenye vyumba kadhaa linahitaji muda mrefu kuyachachusha. Ndiyo maana nawasihi, jamani, msimpe mkate wala ndizi. Vyakula vya sukari vinalivuruga tumbo hilo, na unayedhani umemfurahisha unaweza kuwa umemuumiza.

Kima na nyani ni habari nyingine. Kima anaingia dirishani, anachukua embe na kuondoka mbele ya macho yako. Nyani wanapindua mapipa ya taka. Wakiguswa wanauma, kwa hiyo ukiwa na watoto wadogo usiwaache peke yao barazani na chakula mkononi. Hili nalihesabu kuwa upungufu wa Diani, ingawa wa kulaumiwa ni wageni waliowazoesha kulishwa.

Ukipita barabara kuu ya Diani, angalia juu. Utaona ngazi za kamba na mpira zimevushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, ndilo linalozitunza ili mbega avuke bila kugongwa na magari. Pia linapunguza matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme, maana nyaya zinawaua wengi. Mwambie dereva wako apunguze mwendo hapo. Msitu wa pwani umebaki vipande vipande, na kila mti uliokatwa unamlazimisha mbega ashuke chini.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu: chagua nyumba kwa miti yake, bwawa la kuogelea liwe la pili. Niliingia mahali pamoja palipofyekwa kila kitu ili chumba kione bahari. Bwawa lilikuwa zuri, lakini jua lilikuwa kali kutwa na hapakuwa na hata ndege. Penye mibuyu na mikuyu kuna kivuli na upepo, na usiku utamsikia komba akilia gizani. Mlio wake unashtua mara ya kwanza, lakini ni mnyama mdogo wa macho makubwa, hana neno nawe.

Na taa za upande wa bahari zizimeni usiku. Kasa hupanda ufuo huu kutaga, na vitoto vyao vikitoka mchangani hufuata mwanga. Taa ya baraza inavipeleka bustanini badala ya majini. Ukikuta kiota kimezungushiwa uzio, kaa mbali, na usimulike tochi.

Msimu? Kaskazi, majira ya upepo wa kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, maji ni maangavu na joto ni kali. Aprili na Mei ni masika, mvua nyingi, lakini wageni wachache. Kusi, majira ya upepo wa kusini katikati ya mwaka, ina upepo na hewa nzuri ya kulala, ila maji huchafuka.

Ukibakiwa na asubuhi moja, nenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Ni miongoni mwa makaya, yaani misitu mitakatifu, ya Mijikenda (makabila ya pwani, Wadigo wakiwemo) yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mtaingia na mwongozaji wa hapo hapo, na masharti yake yafuateni yote.

Alama zangu ni tisa kwa kumi. Kabla ya kulipa, piga simu uulize mambo matatu: madirisha yana wavu, mapipa yanafungwa, na miti ipo? Wakisita kwenye la tatu, tafuta nyumba nyingine.