Miezi minne ndani ya Old School RuneScape: nilivyopata upanga wa maana

Simu yangu haibebi gemu kubwa. Nikifungua zile zenye picha kali inapata moto kama pasi, halafu inazima. Mdogo wangu, ambaye amecheza hii tangu yuko sekondari, ndiye aliyenisukumia. "Dada, hii haitaki simu ya maana. Inataka uvumilivu tu." La simu alisema kweli. La uvumilivu alilipunguza sana.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya mtandaoni ya Jagex, kampuni ya Cambridge, Uingereza. Toleo hili lilifunguliwa 2013, nalo ni gemu ilivyokuwa Agosti 2007 na nyongeza za baadaye. Ndiyo maana watu wake wana sura za mbao za kuchonga. Kwenye simu iliingia 2018, na akaunti ni ileile ya kompyuta. Kila tendo linahesabiwa kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao ukisuasua kidogo huwezi kusema ndio uliokuua. Bando nalo linadumu.

Niende kwenye nililotaka kusema, maana ndilo lililonitesa: mgeni anapata wapi silaha na deraya?

Ukimaliza kisiwa cha mafunzo unatupwa Lumbridge na vitu vya kuombea msaada: upanga wa shaba, ngao ya mbao, upinde na mishale 25, shoka, kiberiti, wavu mdogo wa kuvulia dagaa. Hakuna anayekuambia uende wapi. Mimi nikafikiri kama mtu mwenye akili timamu: kuna migodi, kuna tanuru, kuna fuawe, basi nitafua vyangu. Wiki nzima nikachimba. Shaba na bati kwanza, halafu nilipofika levo 15 ya uchimbaji, chuma. Madini ya chuma ukiyatia kwenye tanuru la kawaida, takriban nusu yanaharibika. Begi lina nafasi 28. Unabeba mawe 28, unatoka na vipande kumi na nne hivi, unatembea hadi Varrock kwenye fuawe, na mwishoni una kofia na upanga ambavyo duka la jirani linauza kwa bei ya vitumbua.

Siku ile nilipofungua orodha ya uhunzi nikaisoma mpaka chini, nilicheka peke yangu kwenye daladala. Upanga uliopinda wa rune, madini bora kwa asiyelipia, ambao kila mchezaji wa bure anautamani, unaweza kuushika ukiwa na levo 40 ya mashambulizi. Kuufua kunataka levo 90 ya uhunzi. Deraya ya kifua ya rune ni 99, yaani mwisho kabisa. Ni kama fundi cherehani aambiwe suti ataruhusiwa kuivaa akiwa kijana, ila kuishona asubiri awe babu. Hapo ndipo ninapoitoa gemu hii maksi: uhunzi umewekwa mbele ya mgeni kama njia ya kujipatia vifaa, na kwa mgeni si njia kabisa. Ni kazi ya kuipenda kwa ajili yake yenyewe.

Nilimpigia mdogo wangu kulalamika. Akasema, "Achana na mawe. Nenda kwa ng'ombe."

Zizi liko mashariki ya Lumbridge, karibu na geti la kwenda Al Kharid. Nimechinja ng'ombe pale kuliko machinjio ya Vingunguti. Kila mmoja anaangusha ngozi, nyama na mifupa. Mifupa nikawa nazika kupandisha levo ya sala, nyama nachoma na kula damu ikipungua, ngozi napeleka Al Kharid. Getini nilikuwa nalipa sarafu 10 kila nikipita, na mtengeneza ngozi alinichaji sarafu 1 kwa ngozi laini, 3 kwa ngumu. Nyingine nilizihifadhi benki mbichi. Lakini usitegemee kuuza kila kitu siku ya kwanza. Akaunti mpya ina vikwazo sokoni mpaka ufikishe saa 20 za kucheza, alama 10 za misheni na jumla ya levo 100. Sikulijua hilo, nikadhani simu imekwama. Baadaye nilielewa sababu: ni kuwabana wanaofungua akaunti kwa mamia ili wavune na kuuza sarafu. Alama kumi si nyingi. Mpishi wa ngome ya Lumbridge anakupa moja kwa kumletea yai, maziwa na unga.

Pesa ya kwanza ya kueleweka haikutoka kwenye ngozi, ilitoka shimoni. Kijiji cha Barbarian kina pango la ghorofa nne, na ndani yake kila mlango unakuuliza swali la usalama wa akaunti: mtu akikuomba neno la siri ufanyeje, na mengine ya namna hiyo. Ukifika mwisho wa ghorofa ya kwanza kuna sarafu 2,000, ya pili 3,000, ya tatu 5,000, ya nne unachagua viatu. Huhitaji kupigana, unakimbia tu. Mimi nilikimbia na mikate begini, nikatoka na damu mbili. Sarafu 10,000 kwa mtu ambaye jana yake alikuwa anahesabu 10 ya geti!

Nikaenda moja kwa moja kwa Zeke, muuza panga zilizopinda wa Al Kharid. Wa mithril, madini ya juu kuliko chuma, ulikuwa 1,040 na unataka levo 20 ya mashambulizi. Nilikuwa na 19. Nilirudi zizini nikiwa na upanga mpya begini na wa chuma mkononi, nikachinja mpaka maandishi ya levo yakatokea, nikaubadilisha palepale katikati ya ng'ombe. Rangi yake ya buluu ile. Hakuna kifaa nilichopata baadaye kilichonipa raha ya namna hiyo.

Sasa aibu. Nilipofunguliwa biashara nikahamia Grand Exchange, soko kuu la Varrock, ambako unaweka bei yako na mfumo unakutafutia muuzaji au mnunuzi, ukiuza unakatwa kodi kidogo. Pale kuna kelele za watu siku nzima. Mmoja akaniambia anapamba deraya kwa nakshi ya dhahabu, bure, anajifunza ufundi. Nikampa deraya yangu yote ya adamant, ngazi moja chini ya rune. Akatoweka. Mdogo wangu aliponijibu aliandika maneno manne: "Dada. Huo ufundi haupo." Kweli haupo. Deraya zenye nakshi zinatoka kwenye kusaka hazina, hazipambwi na mtu. Ni utapeli mkongwe kuliko akaunti yangu, na mimi niliyetoka kujibu maswali ya usalama ya pango zima niliuingia mzimamzima.

Upanga wa rune niliununua sokoni kwa ngozi na mbao za miezi miwili. Kwa wanaofuata nyuma yangu: levo 40 ya ulinzi inakuruhusu kofia, miguu na ngao za rune, lakini bamba la kifua halivaliki mpaka umuue joka Elvarg. Nunua fulana ya minyororo ya rune, hiyo haina sharti la joka. Usiende nayo Nyika, kaskazini, ambako wachezaji wanauana. Kwingineko ukifa vitu vinakusubiri kaburini dakika 15.

Unaweza pia kununua hatifungani, yaani tiketi ya uanachama wa kulipia, kwa pesa halisi ukaiuza sokoni kwa sarafu, na ukavaa rune siku ya tatu. Inaruhusiwa. Siku ya nne utakuwa hujui uende nayo wapi. Wale wanaouza sarafu nje ya gemu, hapana: sheria zinakataza na akaunti zinafungiwa.

Mimi bado niko kwenye joka. Inatakiwa alama 32 za misheni, nina 29. Halafu kuna meli bovu ya kukufikisha kwa joka, Port Sarim, inayouzwa 2,000, na misumari 90 ya chuma cha pua ya kuizibia. Misumari hiyo, mdogo wangu amecheka sana, nimeamua kuifua mwenyewe.