Nimelipwa kwa USDC mara tatu: niliyoyaona

Nashona mikoba ya shanga hapa Kijenge, Arusha, na mteja wangu mkubwa yuko Ujerumani. Zamani akinitumia dola 240 kupitia benki, zinafika siku ya sita, 38 zimeshakatwa njiani. Safari hii tukajaribu USDC, sarafu ya kidijitali inayotumwa kwa simu na kufuata thamani ya dola. Simu ililia nikiwa napiga ukingo wa mkoba. Kabla sijamaliza mstari wa shanga nyekundu, hela yote imeingia. Nilifurahi sana.

USDC haipandi na kushuka kama Bitcoin, maana kampuni ya Circle inayoitoa inaweka akiba, fedha taslimu na dhamana za muda mfupi za serikali ya Marekani, dola kwa kila sarafu. Hiyo akiba ndiyo ya kuangalia, jamani. Machi 2023 benki ya Marekani, Silicon Valley Bank, ilipoanguka, dola bilioni 3.3 za akiba zilikwama humo, USDC ikashuka chini ya senti 90, kisha ikarudi baada ya siku chache. Kwa hiyo silazi hela humo, nabadilisha kuwa shilingi siku ileile.

Kero iko kwenye kubadilisha. Mnunuzi wa kwanza wa USDC yangu alinipunja bei. Wa pili nilimpata jioni, ada ya mtoto ikalipwa kesho yake.