Uzoefu wangu: santuri za hardcore na jungle, na sabufa iliyonifungua masikio

Kwa miaka miwili sasa nanunua santuri za inchi 12 za hardcore na jungle, muziki wa dansi wa mashine wenye midundo ya kasi na besi nzito, zile zilizotoka Uingereza kati ya 1990 na 1995. Ninazo 23. Naandika haya kwa sababu najua kuna mwenzangu atafanya kosa nililofanya mimi: atazisikiliza kwenye simu au vispika vidogo, ataona ni makelele matupu, ataachana nazo. Miezi mitatu ya mwanzo nilibakiza kidogo niziuze zote.

Muziki haukuwa na tatizo. Nilikuwa na spika mbili za mezani, zinazotosha kusikilizia taarifa ya habari. Jioni moja nikaleta nyumbani sabufa ya mtumba ya inchi 10, pauni 40, nikaiweka sakafuni kando ya kochi. Nikashusha sindano kwenye "Valley of the Shadows" ya Origin Unknown, yaani Andy C na Ant Miles, ya mwaka 1993 kutoka lebo ya RAM. Mwanzoni kuna sauti ya mtu akisimulia alivyojiona yumo ndani ya handaki refu lenye giza, kisha sauti nyingine inataja sekunde 31, inataja tena na tena. Hayo yote nilikuwa nayasikia siku zote. Nilichokuwa sikisikii ni besi. Ilipoingia, kijiko kilichokuwa kwenye glasi ya chai kikaanza kugonga glasi, ti-ti-ti-ti, na mimi nikaisikia mbavuni kabla haijafika masikioni. Nikarudisha sindano mwanzo. Nikairudisha tena. Usiku ule nilizipitia upya santuri zote, na kila moja ilikuwa na nusu yake ambayo sijawahi kuisikia.

Kwa hiyo sabufa kwanza, santuri baadaye. Waliotengeneza ngoma hizi wengi wao walikulia karibu na mitambo mikubwa ya muziki ya Wajamaika wa London, ambako besi ndiyo iliyokuwa inamwita mtu atoke nyumbani. Mfano mzuri ni Ragga Twins. Flinty Badman na Deman Rocker ni ndugu, walikuwa wakishika maiki kwenye mtambo wa Unity kabla hawajaingia studio na kundi la Shut Up and Dance wa Hackney, London. Albamu yao ya 1991 inaitwa Reggae Owes Me Money, yaani rege ina deni lao. Waliingia kwenye mikesha ya rave wakiwa na sauti zao za rege vilevile, bila kuzipunguza, na ukiwasikiliza unaelewa jungle ilizaliwa nyumba gani.

Sasa ngoma zenyewe. Kiswahili chetu cha mjini kimeshatusaidia hapa: wimbo ni ngoma na chombo ni ngoma. Kwenye jungle ni hivyo hivyo, maana anayeimba ni ngoma, waimbaji ni wasindikizaji tu. Na ngoma iliyoimba kuliko zote ni ile ya sekunde kama 7 kutoka kwenye "Amen, Brother" ya kundi la Marekani The Winstons, 1969. Mpigaji aliitwa Gregory Coleman. Wenzake wananyamaza, anabaki peke yake, kisha wimbo unaendelea. Zaidi ya miaka 20 baadaye vijana wa London wakazitia sekunde zile kwenye sampla za Akai, mashine za kurekodi na kukatakata vipande vya sauti, wakazikata, kiki (ngoma kubwa ya mguu) huku, sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) kule, tuazi pembeni, wakazipandisha mwendo mpaka mapigo 160 kwa dakika na zaidi, wakazipanga upya kwa namna ambayo hakuna mikono ya mtu ingeweza kuzipiga. Coleman alifariki 2006 bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo. Hilo linaniuma kweli. Kila nikisikia ule mlio, namtaja kwa jina mbele ya yeyote aliyekaa nami sebuleni, walau ajulikane.

Ukitaka kusikia sekunde hizo zimefikishwa mwisho wake, tafuta "R.I.P" ya mtayarishaji Remarc, ya lebo ya Suburban Base ya Romford. Sneya zinakimbia, zinajikwaa, zinageuka nyuma, zinapanda kama mtu anayekimbia ngazi. Ukizoea, unaanza kuzifuata kama unavyofuata maneno ya mtu anayeongea haraka.

Lakini ninayoipenda kuliko zote, na hapa siyumbi, ni "Renegade Snares" ya Omni Trio, 1993, lebo ya Moving Shadow. Omni Trio ni mtu mmoja, Rob Haigh. Kabla ya jungle alikuwa akitengeneza muziki wa piano wa taratibu, na baadaye alirudi kwenye piano hiyo hiyo. Ukijua hilo, ngoma nzima inafunguka. Kuna piano ya vidole vichache tu, nyepesi, imesimama kama mtu aliyeshika taa mlangoni, na chini yake sneya zinaporomoka kama mawe kwenye bati. Vitu viwili vinavyokwenda kwa kasi mbili tofauti, na havigombani. Kundi la Foul Play liliifanyia rimiksi ambayo wengi wanaipenda zaidi, nami siwalaumu, ila ukinunua anza na ya Haigh mwenyewe. Mimi huiweka asubuhi nikitoka zamu ya usiku, kabla sijalala. Sauti naipunguza, mapazia nimeyafunga, na ile piano inaingia chumbani na mwanga unaopenya pembeni ya pazia.

Kwenye hardcore ya mwanzo, kabla haijawa jungle, kuna ngoma moja ambayo sipendi kuisikiliza mara nyingi, na bado nasema uwe nayo: "Mr Kirk's Nightmare" ya 4hero, 1990, lebo yao wenyewe ya Reinforced. Inaanza na mazungumzo: mtu anamwambia baba kwamba mwanawe amefariki kwa kuzidisha dawa za kulevya. Ndipo midundo inaingia. Fikiria kuipigia hiyo ukumbi wa vijana saa tisa usiku, nusu yao wamemeza kitu. Marc Mac na Dego wa 4hero walikuwa wadogo wakati ule, na walithubutu kusema jambo hilo pale pale uwanjani.

Mtayarishaji Goldie alitokea Reinforced hapo hapo. "Terminator" yake ya 1992 inastahili sifa zake zote: ngoma zinapanda na kushuka sauti lakini mwendo haubadiliki, kazi iliyofanywa kwa mashine ya kugeuza sauti ya Eventide, na hata leo inatisha kidogo ukiwa peke yako. Kisha ikaja "Inner City Life", na sauti ya marehemu Diane Charlemagne. Hiyo ndiyo ninayowawekea wageni, hasa dada zangu wakija kunitembelea, kwa sababu kila mtu anaelewa sauti ya mwanamke anayeomba kupumzika. Albamu ya Timeless, 1995, aliitengeneza pamoja na Rob Playford, na wimbo wa kwanza una zaidi ya dakika 20. Usiugawe. Kaa chini uusikilize mpaka mwisho.

Nyingine nazitaja haraka. The Prodigy, Experience, 1992: nzuri, rahisi kupatikana, na "Out of Space" ina kipande cha Max Romeo ambacho mpenzi yeyote wa rege atakitambua papo hapo. SL2, "On a Ragga Tip": furaha tupu. "Original Nuttah" ya Shy FX na UK Apachi, 1994: iweke pale shughuli inapopoa. LTJ Bukem, "Music", ni ya kusafiria usiku.

Kuna jambo linalowakimbiza wengi, nalo ni zile sauti za waimbaji kwenye hardcore zilizopandishwa mwendo mpaka zinakuwa kama za watoto. Rafiki yangu Mkenya hapa London alicheka sana aliposikia. Mimi hazikunishtua. Nimekulia Manzese, nimekesha kwenye vigodoro, na singeli ilishanizoesha vipande vya taarabu na mchiriku vilivyokimbizwa mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Ni akili ile ile ya watu wasio na bendi wala pesa ya bendi, wanachukua kilichopo na kukipa mwendo wanaoutaka miguuni. Hata yaliyowakuta yanafanana. Kwetu kila mara unasikia vigodoro vimepigwa marufuku. Uingereza walitunga sheria mwaka 1994 iliyoutaja muziki wenyewe, midundo inayojirudia-rudia, ili polisi wapate nguvu ya kuvunja mikusanyiko ya wazi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia ile sentensi mara tatu. Midundo imeandikwa kwenye sheria!

Kuhusu kununua. Nakala zangu nyingi nimezipata kwa pauni 6 hadi 15 kwenye maduka ya mitumba, chache zaidi ya hapo. Nunua kwa macho yako ukiweza. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniambia nakala iko safi kabisa. Ilipofika ilikuwa na mkwaruzo mrefu unaoruka kila mzunguko, pale pale piano inapoanza. Pesa ilirudi baada ya wiki tano za kuandikiana. Tangu hapo naomba picha ya santuri ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga, maana mikwaruzo inaonekana hivyo. Osha kila nakala kabla ya kuipiga, hizi zimepitia mikono ya ma-DJ, zimejaa vumbi la miaka 30. Sindano mpya nayo ni muhimu. Ya zamani inafanya tuazi zisikike kama mchanga. Na kama unakaa ghorofani kama mimi, weka sabufa juu ya kipande kinene cha sponji. Mama wa chini alinigongea mara mbili kabla sijajua hilo. Sasa tunasalimiana vizuri.

Kama una pesa ya santuri tatu tu, chukua "Valley of the Shadows", "Renegade Snares" na "Inner City Life", kwa mpangilio huo. Sabufa naipa nyota 5, santuri nyota 5.

Bado natafuta "We Are I.E." ya Lennie De Ice, 1991, chapa ya kwanza. Nimeikosa mara mbili dukani kwa tofauti ya pauni chache. Ndugu yeyote aliye London mwenye nakala isiyoruka, aniambie bei, nitaifuata mwenyewe.