Jezi Nyekundu ya Bobby Charlton: Kitambaa Kizuri, Historia Nusu

Jezi niliyoinunua mwezi uliopita katika duka moja linalouza nakala za jezi za kale ni ile nyekundu ya timu ya taifa ya Uingereza, iliyovaliwa Wembley tarehe 30 Julai 1966 katika fainali ya Kombe la Dunia, nayo inauzwa kwa jina la Bobby Charlton, mmoja wa wachezaji wa timu hiyo siku ile. Nimeivaa mara nne na kuifua mara tatu, kwa hiyo kitambaa nakifahamu.

Ni pamba nzito ya mikono mirefu, shingo ya duara isiyo na vifungo, na simba watatu wa nembo wamedariziwa kwa uzi badala ya kubandikwa. Kifuani hakuna jina la mdhamini, jambo linalopumzisha macho ya mtu aliyezoea jezi zilizojaa matangazo ya kamari. Nililoweka jezi hii peke yake kwenye beseni nikitarajia maji yawe kama juisi ya rozela. Yalibadilika kidogo mara ya kwanza, kisha haikuchuja tena. Saizi yake ni ndogo kuliko ilivyoandikwa, na mabegani inanibana. Anayekusudia kuivaa Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari ajiandae kutoka jasho.

Kasoro iko mgongoni, ambako juu ya namba 9 wamebandika neno CHARLTON kwa herufi nyeupe. Mwaka 1966 wachezaji hawakuvaa majina mgongoni, na hata kama wangevaa, jina hilo peke yake lisingetosha, kwa sababu siku ile Uingereza ilikuwa na akina Charlton wawili uwanjani: Bobby, na kaka yake Jack, beki aliyevaa namba 5. Namba 9 nayo inaweza kumpotosha kijana wa leo akadhani mwenyewe alikuwa mshambuliaji wa kati wa kusubiri mipira ndani ya boksi. Charlton aliwahi kucheza winga ya kushoto, na kufikia 1966 alikuwa akitokea katikati ya uwanja, akikokota mpira kuelekea lango na kupiga kwa mguu wowote kutoka mbali, kama alivyowafunga Meksiko katika hatua ya makundi.

Kubwa zaidi ni kadi iliyofungwa pamoja na jezi, inayodai kwamba Charlton alifunga bao katika fainali. Hakufunga. Geoff Hurst alifunga matatu na Martin Peters moja, Ujerumani Magharibi ikalala 4-2 baada ya muda wa nyongeza, huku Charlton na Franz Beckenbauer, aliyekuwa bado kijana wa miaka 20, wakikabana kwa sehemu kubwa ya mchezo kiasi kwamba hakuna aliyemwachia mwenzake nafasi. Siku yake ilikuwa tarehe 26 Julai, katika nusu fainali, alipoifunga Ureno ya Eusébio mabao mawili na Uingereza ikashinda 2-1, na jioni hiyo Uingereza ilivaa nyeupe. Muuzaji anayetaka kuuza jezi kwa jina la Charlton alipaswa kuanza na hiyo.

Kadi hiyo pia haisemi lolote kuhusu maisha yake kabla ya 1966. Mtu huyu alizaliwa Ashington, mji wa machimbo ya makaa ya mawe, baba yake akiwa mchimbaji, na alijiunga na Manchester United mwaka 1953 akiwa na miaka 15. Mechi yake ya kwanza ya ligi, tarehe 6 Oktoba 1956, aliicheza akimficha kocha Matt Busby kwamba kifundo cha mguu kilikuwa kikimuuma, akafunga mawili. Wapinzani, kwa kichekesho cha majina, walikuwa Charlton Athletic. Tarehe 6 Februari 1958 ndege ya timu ilianguka Munich ikijaribu kuruka kwa mara ya tatu, watu 23 wakafa, wanane kati yao wachezaji wenzake. Yeye alirushwa nje akiwa bado kitini, na kipa Harry Gregg akamburuta mbali na mabaki. Miaka kumi baadaye, akiwa nahodha, aliifunga Benfica mara mbili na United ikatwaa Kombe la Ulaya kwa 4-1, hapo hapo Wembley. Aliondoka klabuni mwaka 1973 akiwa na mechi 758 na mabao 249, juu ya mechi 106 na mabao 49 ya timu ya taifa. Kadi yenye nafasi ya kuchapisha maelekezo ya kuipiga jezi pasi kwa lugha tano ingeweza kubeba nusu ya hayo.

Kwa ushonaji naipa nyota nne kati ya tano. Kwa kadi, moja, nayo ni ya karatasi nzuri. Atakayenunua amwombe muuzaji aiache bila jina mgongoni. Yangu nililibandua kwa pasi ya moto na kitambaa kibichi, kazi ya karibu saa nzima, ikabaki alama ya herufi C na H inayoonekana mwanga ukipiga kwa upande. Namba 9, ambayo imeshonwa, haikuguswa.