Mandolini kuukuu ya Suzuki kutoka Gikomba: uzoefu wangu na fundi aliyeitengeneza

Ukikutana na mandolini (chombo kidogo cha muziki chenye nyuzi nane) ya bei nafuu sokoni, ikague shingo kabla hujauliza bei. Hayo mengine yote yanatengenezeka kwa pesa kidogo. Hii yangu niliinunua Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kwa shilingi 4,000, imejaa vumbi, nyuzi tatu tu kati ya nane, na tumbo linatoa mlio wa ajabu ukiligonga. Lakini shingo ilikuwa imenyooka. Niliiangalia kutoka kichwani kuelekea mkiani, nikalaza rula juu ya freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), sikuona mwanga ukipita chini yake. Mandolini nyingi za zamani za aina hii hazina chuma ndani ya shingo cha kuinyoosha, kwa hiyo ikishapinda, gharama ya kuirekebisha inaweza kuzidi bei ya chombo chenyewe.

Kuitambua hakukuwa kugumu. Nilimulika tochi ya simu ndani ya tundu la sauti, nikakuta lebo iliyoliwa na wadudu nusu nzima, ila maneno “Suzuki” na “Nagoya” yanasomeka. Si Suzuki ya pikipiki. Ni kampuni ya fidla iliyoanzishwa Nagoya, Japani, na Masakichi Suzuki mwaka 1887; mwanawe Shinichi ndiye mwenye ile mbinu maarufu ya kufundisha watoto fidla. Walitoa mandolini nyingi za wanafunzi, na nilichokuwa nikitafuta ni chombo cha mwanafunzi hasa.

Yako ikiwa haina lebo, umbo litakusaidia. Tumbo la mviringo kama la udi, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, ni mtindo wa Napoli. Mgongo bapa au uliotuna kidogo tu mara nyingi ni mtindo wa Marekani, na huko kampuni ya Harmony ya Chicago, iliyoanzishwa 1892 na kufunga 1975, ndiyo iliyouza za bei nafuu kwa wingi. Nyingi za Harmony zina muhuri wa wino kwa ndani, herufi F au S ikifuatwa na tarakimu za mwaka. Halafu chungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikiteremka moja kwa moja hadi chini, uso ni mbao halisi, ukiona tabaka tabaka, hiyo ni plaiwudi.

Sasa fundi. Ana kibanda kidogo karibu na River Road, na kazi yake kubwa ni magitaa. Wengine niliowauliza mjini walitaka kumimina gundi ya haraka kwenye nyufa, na kumbe mtu fulani alikwisha kufanya hivyo zamani, kwa maana huyu fundi alianza kwa kuikwangua taratibu kwa wembe. Alipitisha kifundo cha kidole juu ya tumbo lote, ubao kwa ubao, akisikiliza. Mbao mbili zilikuwa zimeachana kwa ndani, na huo ndio mlio niliousikia sokoni. Alipasha moto gundi ya mifupa, akaipenyeza kwenye ufa kwa kisu chembamba, kisha akafunga tumbo zima kwa vipande vya tyubu ya baiskeli akivivuta sawasawa pande zote. Gundi hiyo hulegea kwa joto na unyevu, kwa hiyo fundi mwingine akija kuifungua miaka ijayo hataharibu mbao. Nilifurahi sana kuona mtu anamfikiria fundi wa baadaye.

Vifaa vya kukazia nyuzi alivitia tone la mafuta ya cherehani, vikalainika. Kazi yote, shilingi 3,500. Kasoro ni kwamba ahadi zake za tarehe hazishikiki, jiandae kusubiri.

Nyuzi za mandolini sikuzipata dukani. Nilinunua seti mbili za gitaa la akustika zile nyembamba zinazoanzia 10 (10, 14, 23, 30, 39, 47, yaani unene wa kila uzi kwa sehemu za elfu za inchi) nikatumia nyuzi nne za kwanza za kila seti. Mandolini inataka kitanzi mwishoni, si kile kishanga cha shaba. Kibane kishanga kwa koleo mpaka kipasuke, kitoe, na kitanzi kinabaki kizima. Usiweke nyuzi nene kwenye tumbo la mviringo. Uso wake ni mwembamba na utazama.

Daraja, yaani kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi juu ya uso, halibandikwi, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Nilipima kutoka mwanzo wa ubao wa freti hadi freti ya 12, karibu sentimita 17, nikaliweka daraja umbali huohuo kutoka freti hiyo na kidogo zaidi. Noti ya freti ya 12 ikipanda kuliko sauti ya uzi ukiguswa kidogo tu mahali hapo, sogeza daraja nyuma kuelekea mkiani. Fundi alinishauri nizikaze nyuzi nusu toni chini kwanza, ndipo nizipandishe hadi noti za G, D, A, E kama fidla.

Sauti yake ni nyororo, haina kelele kubwa, na kwa nyimbo za taarabu za pwani ninazojifunza inanitosha kabisa. Freti ya 7 bado inakwaruza kwenye uzi wa A. Itarudi kwa fundi huyohuyo kusawazishwa freti, na gitaa la dada yangu nitampelekea pamoja nayo.