Tathmini ya Shahada ya Uzamili ya Sayansi ya Neva mjini Göttingen, Ujerumani

Programu ya sayansi ya neva ya Göttingen, ambayo Chuo Kikuu cha Georg-August huiendesha pamoja na taasisi za utafiti za Max Planck tangu mwaka 2000, haikukusudiwa kumfaa kila mtu, na wala halifichwi jambo hilo. Hupokea wanafunzi wapatao 20 tu kwa mwaka, masomo yake ni kwa Kiingereza, na shabaha yake ni kulea watafiti wa maabara. Anayetafuta cheti cha kumpandisha daraja kazini ataona amelipa kwa usingizi wake bei iliyozidi thamani ya cheti chenyewe. Lakini anayetaka kujua kwa mikono yake mwenyewe namna seli moja ya neva inavyoipa nyingine ishara, naamini hatapata mahali pengi pa kumpa hayo kwa karo ndogo kiasi hiki.

Mihadhara huanzia kwenye anatomia ya ubongo na umeme wa utando wa seli, ikapitia sinapsi (maungio ya seli za neva), hisia, mwendo, kujifunza na kumbukumbu, hadi kufikia modeli za kihisabati na magonjwa yanayoharibu seli za neva. Kwa upande huo pekee nisingeisifu sana, kwa kuwa mambo hayo yamo vitabuni na vyuo vingi huyafundisha vizuri. Kinachoibadilisha hali ni mchanganyiko wa wanafunzi, kwani wapo waliotoka katika biolojia, udaktari, saikolojia na hata fizikia. Mhitimu wa fizikia huitazama milinganyo ya ishara za neva ambayo wanasayansi Hodgkin na Huxley waliiandika mwaka 1952 kutokana na neva ya ngisi, akaiona kama kazi ya nyumbani ya kawaida, kisha akakwama anapoulizwa thalamasi, kituo cha kupokezana ishara ndani ya ubongo, iko wapi. Daktari naye huwa kinyume chake. Katika mijadala ya vikundi vidogo inayofuata mihadhara, kila mmoja hulazimika kumfundisha mwenzake, na huko ndiko somo linakoingia kweli.

Hata hivyo, uzito wa programu uko katika kozi za mbinu na katika mizunguko ya maabara, ambapo mwanafunzi hukaa wiki kadhaa katika maabara moja akifanya mradi mdogo, akauandikia ripoti, kisha akahamia nyingine. Nitaje mbinu moja tu, ya kupima mkondo wa umeme wa seli kwa pipeti ya kioo, kwa sababu ilizaliwa katika mji huu huu: Erwin Neher na Bert Sakmann waliichapisha mwaka 1976, na mwaka 1991 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Ukisoma maelezo yake unaona ni jambo la dakika chache. Mezani mambo ni mengine. Kipande cha ubongo wa panya, chenye unene wa takriban sehemu tatu za kumi za milimita, hulala katika maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5, na hakitafaa tena baada ya saa chache. Meza huelea juu ya hewa ili hatua za mtu anayepita ukumbini zisiitikise. Unaishusha pipeti yenye ncha ya takriban mikrometa moja huku ukiisukumia hewa kidogo ili isizibe, unatazama katika hadubini mpaka uone kibonyeo kidogo juu ya utando wa seli, unaachia hewa, kisha unavuta polepole kwa mdomo kupitia mpira mwembamba. Yote yakienda sawa, mstari uliokuwa ukiruka juu na chini kwenye skrini unalala chini, dalili kwamba kioo na utando vimeshikana kwa ukinzani unaozidi gigaomu moja, yaani omu bilioni moja. Yakienda vibaya, seli imekufa, nawe unabadilisha pipeti na kuanza upya. Wapo wanaogundua katika zoezi hili kwamba hawana subira ya kazi ya namna hiyo, na ni heri kuligundua ndani ya wiki chache za mzunguko kuliko katikati ya uzamivu.

Wingi wa maabara katika mji mdogo ni neema ambayo vyuo vikubwa vya London au New York haviwezi kuitoa kwa urahisi. Mwanafunzi anaweza kuchagua kati ya taasisi ya Max Planck ambamo Stefan Hell alifanyia kazi ya hadubini iliyompatia Nobel ya kemia mwaka 2014, kituo cha Ujerumani cha utafiti wa nyani na jamaa zao, wanakochunguza umakini wa macho, na kundi la Tobias Moser linalotafuta namna ya kuwarejeshea viziwi usikivu kwa kutumia mwanga badala ya umeme. Kote huko hufikiwa kwa baiskeli au basi.

Ninachosita kukisifu ni ratiba. Mwaka wa kwanza huishia kwa mitihani ya kuandika na ya mdomo, na matokeo yake ndiyo yanayoamua: wanaofaulu vizuri huweza kuingia moja kwa moja katika uzamivu bila kuandika tasnifu ya uzamili, na wengine huandika tasnifu ya miezi sita na kuhitimu baada ya miezi 18. Mpango huo humwokolea muda mwenye kasi, lakini mtu anayehitaji nusu mwaka kuzoea nchi, lugha ya mtaani na baridi atakuwa anajipima na wenzake kabla hajatulia. Sioni sababu ya msingi ya kubana kiasi hicho.

Kuhusu fedha, vyuo vikuu vya umma vya jimbo la Niedersachsen havitozi karo ya masomo kwa wanafunzi wa kawaida wa uzamili, ila mchango wa muhula wa euro mia chache. Mzigo ni gharama ya kuishi. Asiye na ufadhili, ili apewe viza, kwa kawaida hutakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja katika akaunti maalumu ambayo hutoa fedha kidogo kidogo kila mwezi, na kiasi hicho ni kikubwa kwa familia nyingi za Dar es Salaam au Kisumu. Ndiyo maana ombi la ufadhili liende sambamba na ombi la nafasi, bila kusubiri jibu la kwanza.

Kwa msomaji wa kwetu ningeongeza tahadhari ya mwelekeo. Hii ni sayansi ya msingi. Ikiwa kinachokusukuma ni kifafa cha Mahenge nchini Tanzania, ambacho daktari Louise Jilek-Aall alianza kukishughulikia karibu na mwaka 1960 na ambacho watafiti wa baadaye wamekihusisha na usubi (upofu wa mtoni), basi epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa, na kazi za vituo kama kile cha utafiti cha Kilifi zitakufaa zaidi. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kina taasisi yake ya ubongo na akili jijini Nairobi. Ikiwa unachotaka ni kujua kwa nini seli za ubongo za mtoto wa Mahenge mwenye kifafa hicho hufyatuka zote kwa pamoja, Göttingen inastahili ombi lako.

Maombi hufungwa Januari kwa ajili ya masomo yanayoanza Oktoba, na wanaopita mchujo hufanyiwa usaili. Barua za mapendekezo ziombwe mapema, tena kwa walimu waliokuona ukifanya kazi maabara, hata kama vyeo vyao ni vidogo kuliko cha mkuu wa kitivo asiyekujua kwa sura.